Ukuta wa Nyuma

Niliiona Mchikichini, chini ya rundo la mabegi,
imelala ubavu kama mgonjwa asiye na wa kumgeuza.
Shamte alitaka elfu thelathini.
Nikamwambia, baba, nyumba ya wanasesere hii haina paa,
ngazi imekufa, madirisha mawili hayapo,
na humu ndani mende wamezaa hadi wajukuu.
Akacheka. Kumi na nane. Akaongeza mfuko wa bure.

Mfukoni haikuenea.
Nikaibeba kichwani hadi Buguruni,
watu wakinitania: Mama, ndiyo unahama na nyumba yako?
Nikawajibu, ndiyo, safari hii nimewahi.

Usiku, Nakijwa akishalala,
nasogeza cherehani, natandika gazeti,
napiga msasa polepole, kwa kidole kimoja,
maana chumba ni hichohicho na usingizi wake mwepesi.
Rangi ya juu pinki. Chini ya pinki, buluu.
Chini ya buluu mbao yenyewe, nyeupe, ya mti nisioujua,
na maandishi ya penseli: jina la mtoto wa huko,
herufi zimepinda kama meno ya kwanza.
Hapo msasa sikupitisha.
Mwenye nyumba hafutwi hivihivi.

Sakafu nimeitandaza vijiti vya askrimu
alivyoniwekea Chonya, yule wa mlangoni pa shule.
Kitanda ni kiberiti. Zulia, kipande cha gauni la sendofu
ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua,
nami sikumuuliza.
Mapazia nimeyapiga upindo wa kweli,
upana wa ukucha, kwa mkono,
mteja wangu hata mmoja hajawahi kushonewa hivyo.

Juu kulikuwa na dohani.
Nikaitazama sana. Dar hii,
mtu awashe moto ndani ili apate nini?
Nikaing'oa, nikabandika kizibo cheusi cha chupa ya dawa:
simtanki. Sasa hata maji yakikatika
waliomo wataoga.

Jumamosi nikaifunua.
Nakijwa hakuruka. Hakupiga kelele.
Aliizunguka kama fundi aliyeitwa kukadiria,
akapapasa kuta za nje, huu, huu, na huu,
uso karibu na rangi, anatafuta kitu.
Nikajua anatafuta nini.
Ile X nyekundu tuliyoamka nayo Kimara
yeye ana miaka minne, akadhani ni mchoro,
akakimbilia chaki aongeze ua pembeni.

Hakuiona. Akafika nyuma,
kule ambako nyumba za namna hii huachwa wazi
ili mkono wa mtoto upite.
Akasimama.
Jiko, sebule, chumba cha kulala, vyote njenje,
kitanda kinatazamana na barabara,
kama siku ile greda lilipoondoka
na ukuta wetu wa kijani ukabaki peke yake,
kalenda bado inaning'inia, mwezi haujaisha.

"Mama, hii nayo walishaanza kuivunja?"

Mimi nina mdomo, mtaa mzima unajua.
Siku hiyo nilitafuta neno kama anayetafuta sindano kwenye zulia,
kwa nyayo.

Mwenyewe ndiye aliyeuliza kama nina kitambaa kikubwa.
Nikampa kitenge cha njano. Akapima kwa shubiri yake,
akakosea, akapima tena.
Nikashona, yeye kashika tochi ya simu,
pazia refu, toka paa hadi msingi,
vishikizo vinne, hakuna kinachofanana na mwenzake.

Sasa kila jioni analifunga, kishikizo kwa kishikizo,
na asubuhi hafungui bila hodi.
Jana nimemkuta amechuchumaa, mkono hewani,
uji unapoa.
Nikamwambia fungua basi, ule, shule inakungoja.

"Bado hawajaitika," akasema.